Mfalme Aliyenyang'anywa Enzi na Nduguye

Katika karne ya 11 sehemu kubwa ya kusini ya Bara Hindi ilitawaliwa na wafalme wa ukoo wa Chalukya. Mji wao mkuu ulikuwa Kalyani, ambao leo huitwa Basavakalyan, katika jimbo la Karnataka. Mwaka 1068 Mfalme Someshvara wa Kwanza, akiwa ameshikwa na ugonjwa mzito, alijitosa katika mto Tungabhadra akafa. Mwanawe akarithi kiti, akaitwa Someshvara wa Pili.

Enzi hiyo haikupata utulivu. Mara alipotawazwa, alishambuliwa na adui wa ukoo wake wa siku nyingi, yaani Virarajendra, mfalme wa Chola. Na nyumbani alikuwako nduguye mdogo, Vikramaditya, hodari wa vita. Ndugu hao hawakupatana. Vikramaditya akaondoka Kalyani, akafanya urafiki na Virarajendra, akamwoa binti yake. Hivyo adui wa ukoo akawa mkwewe.

Virarajendra alikufa mwaka 1070. Mwanawe, Adhirajendra, hakukaa sana katika kiti kabla ya kuuawa katika maasi, na Kulottunga wa Kwanza akakitwaa. Kulottunga hakuwa rafiki wa Vikramaditya. Basi Someshvara akafanya shauri moja naye, ili nduguye abanwe pande zote mbili. Shauri hilo halikufaulu. Mwaka 1076 Someshvara alishindwa vitani, akakamatwa na kufungwa. Alikuwa ametawala miaka 8 tu.

Vikramaditya alitawala kwa muda wa miaka 50 hivi, akaanzisha hesabu mpya ya miaka tangu kutawazwa kwake. Katika baraza lake alikuwako Bilhana, mshairi kutoka Kashmir, aliyetunga utenzi mrefu wa Kisanskriti wa kumsifu. Humo Someshvara ni mtu wa kiburi na choyo, na Vikramaditya alishika silaha kwa kuamriwa na mungu Shiva, wala si kwa tamaa yake.

Lakini mshairi huyo alikula chakula cha mshindi, na mfungwa hakuwa na mshairi wa kumjibu. Maandishi ya mawe ya siku za Someshvara humwita Bhuvanaikamalla, yaani shujaa wa pekee wa ulimwengu. Nayo pia ni maneno ya sifa. Kwa hiyo wataalamu wa historia huyapima maneno ya pande zote mbili, kama vile wazee wasivyokata shauri kabla mshtakiwa hajasema.