Ganzi ya Mguu kwa Wafanyao Kazi ya Kukaa

Tumtazame karani wa ofisi ya chifu huko Mukuyuni, katika Kaunti ya Makueni nchini Kenya. Saa mbili ya asubuhi huketi mezani pake, akapandisha mguu mmoja juu ya mwenzake, akaanza kuandika barua na kujaza fomu za watu waliopanga mstari nje. Ifikapo saa tano huinuka kwenda kutwaa faili kabatini, na mara mguu humwacha. Hausikii sakafu, nao ni mzito kama gogo. Hushika meza asianguke, na wenziwe hucheka. Punde huhisi kama anachomwa na sindano nyingi, kisha mguu humrudia.

Watu wengi husema kwamba damu imesimama. Neno hilo lina ukweli kidogo, lakini si ukweli wote. Ndani ya mguu imo mishipa ya damu, na pia imo mishipa ya fahamu, ambayo kazi yake ni kama ya tarishi: hupeleka amri kutoka ubongoni hadi mguuni, na kurudisha habari za maumivu, joto na baridi. Mshipa wa fahamu ukibanwa, tarishi huzuiwa njiani. Mguu haukufa, ila habari zake hazifiki. Mshipa ukiachiliwa, habari huanza kupita tena bila mpango, na huko ndiko kule kuchomwachomwa.

Ziko sehemu mbili ambazo mtu wa kukaa hujibana mwenyewe bila kujua. Ya kwanza ni matakoni. Hapo hupita mshipa wa fahamu ulio mnene kuliko yote mwilini, unene wake wapata kidole cha mwisho, nao hutoka kiunoni ukashuka hadi unyayoni. Mtu aketiye juu ya kiti kigumu, na pochi nene katika mfuko wa nyuma wa suruali, huukandamiza mshipa huo siku nzima. Ya pili ni upande wa nje wa goti, chini yake kidogo. Hapo mshipa mwingine hupita juu ya mfupa, karibu sana na ngozi, na mtu apandishapo mguu juu ya mguu huubana. Ukibanwa kwa muda mrefu, mtu huweza kushindwa kuinua kidole gumba cha mguu, na kiatu chake hukwaruza chini atembeapo.

Wala haya si ya makarani peke yao. Mtu apaliliaye ndengu huku amechutama tangu asubuhi, au fundi wa cherehani asiyeondoka kitini, huweza kupatwa na jambo lilo hilo.

Dawa ya ganzi ya namna hii ni nyepesi na haina gharama. Kila nusu saa mtu na ainuke, atembee hatua chache, anyooshe miguu na kuzungusha vifundo. Pochi na itolewe mfukoni. Miguu yote miwili na ikanyage chini, na ikiwa kiti ni kirefu mno, kipande cha ubao chini ya nyayo chatosha. Mguu uliokufa ganzi usitiwe katika maji ya moto, wala usisogezwe kwenye jiko la makaa, kwa maana mguu usiosikia huungua bila kumwambia mwenyewe.

Lakini iko ganzi ya namna nyingine, isiyoondoka mtu ainukapo. Hiyo si ya kuchekwa. Ikianza katika vidole na nyayo za miguu yote miwili, ikapanda polepole mithili ya soksi, mara nyingi huwa ni ishara ya ugonjwa wa kisukari. Sukari ikizidi katika damu kwa miaka, huharibu mishipa ya fahamu. Mgonjwa hukanyaga mwiba au msumari asijue, kidonda kikaoza ndani ya kiatu, na mwisho wake huweza kuwa kukatwa mguu. Karani asemaye, "Ni kiti tu," huku miezi inapita, huweza kuupoteza mguu ambao tone moja la damu kidoleni lingeuokoa. Mwaka 2023 serikali ya Kenya iligawa kwa wahudumu wa afya ya jamii mikoba ya vifaa, na kipimo cha sukari kimo ndani yake. Kwa hiyo hata mtu wa kijijini aweza kuuliza kwa jirani.

Baka la ngozi lisilosikia kuguswa nalo lionyeshwe kwa mganga wa hospitali, maana huenda likawa ni ukoma, nao hutibika kabisa kwa vidonge ukiwahiwa.

Tena ziko dalili ambazo hazingoji kesho. Ganzi ikija ghafula katika mkono na mguu wa upande mmoja, au mdomo ukaenda upande, hicho ni kiharusi. Na maumivu ya kiuno yakifuatana na ganzi ya matako na ya kati ya mapaja, na mkojo ukakataa kutoka au ukatoka wenyewe, basi mishipa ya uti wa mgongo imebanwa. Mtu huyo apelekwe hospitali saa ile ile, hata ikiwa ni usiku.

Basi kipimo ni chepesi kukumbukwa. Inuka, tembea, hesabu dakika kumi. Ganzi ikiondoka, rekebisha ukaaji wako. Ikibaki, au ikirudi kila siku pasipo sababu, nenda ukapimwe. Na kila usiku, kabla ya kulala, tazama nyayo zako kwa taa, kwa kuwa jicho huweza kuona kile ambacho mguu hausemi.