Toa wembe kwenye begi: huduma ya kwanza kwa aliyeumwa na nyoka

Wiki mbili kabla ya kupanda milima ya Uluguru, kundi letu la WhatsApp lilijaa orodha za vitu vya kubeba: maji, kofia, biskuti, bendeji. Halafu mmoja akaongeza: "Wembe, kamba na jiwe la nyoka." Watu wakamwaga dole gumba. Hata mimi ninayesoma biolojia nilikaa kimya kidogo, maana nyumbani nimekua nikisikia hivyo hivyo.

Tuanze na sumu yenyewe. Meno ya nyoka mwenye sumu hufanya kazi kama sindano: sumu huingizwa chini ya ngozi, pengine hadi kwenye nyama. Molekuli zake nyingi, hasa zile kubwa, haziingii moja kwa moja kwenye damu. Husafiri kupitia mishipa ya limfu. Limfu haina moyo wa kuisukuma kama damu. Hutegemea sana misuli yako inapojikunja. Yaani kila hatua unayopiga ni kama kupiga pampu. Ukilielewa hilo, mengi yanayofuata yanajieleza.

Sasa turudi kwenye ile orodha.

Wembe: sumu ikishaingia kwenye nyama, huwezi kuichanja ikatoka, na ukifyonza unapata kidogo mno. Mbaya zaidi, sumu ya baadhi ya nyoka huzuia damu kuganda. Kidonda ulichochanja wewe kinaweza kukataa kuacha kutoka damu.

Kamba: mfikirie kifutu. Huyu hakimbii akisikia watu. Hulala tu njiani, rangi yake kama majani makavu, mpaka umkanyage. Sumu yake huharibu nyama pale ilipoingia. Ukikaza kamba, unaifungia sumu sehemu moja na kuunyima mguu damu. Mtu anaweza kuponea kwa nyoka, akakatwa mguu kwa sababu ya kamba.

Jiwe la nyoka: mara nyingi ni kipande cha mfupa uliochomwa. Linanata kwa sababu vitundu vyake hufyonza unyevu wa kidonda, si kwa sababu linavuta sumu. "Mbona babu alipona?" Nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru binadamu, na hata wenye sumu wakati mwingine hung'ata bila kuitoa. Mtu angepona hata bila jiwe, ila sifa inachukua jiwe. Waliokufa na jiwe mguuni hawapo kutusimulia.

Basi tufanye nini?

1. Sogeeni mbali na nyoka. Msimfukuze wala kumwua. Mtaongeza majeruhi wa pili.
2. Mvueni pete, saa, bangili na viatu kabla uvimbe haujaanza.
3. Mtulizeni, mguu au mkono usichezeshwe. Fungeni gango kwa fimbo mbili na kanga, ila kidole kipite chini ya kanga. Uvimbe ukiongezeka, legezeni.
4. Asitembee. Mbebeni. Kama usafiri ni bodaboda, akae katikati ya dereva na mtu wa kumshikilia.
5. Andikeni saa aliyoumwa na dalili zinavyobadilika.
6. Kwa maumivu, parasetamoli. Aspirini na diklofenaki hapana, kwani zinaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu.

Koboko ana hatari ya aina nyingine: sumu yake hulemaza misuli, pamoja na ile ya kupumua. Kope zikilegea, au mtu akishindwa kumeza au kuongea vizuri, msisubiri chochote. Akitapika, mlazeni ubavu. Akiacha kupumua, mpulizieni pumzi mdomoni njia nzima mpaka hospitali.

Dawa inayopambana na sumu yenyewe ipo. Hutengenezwa kwa kumchoma farasi dozi ndogo ndogo za sumu, kisha kuvuna kingamwili kutoka kwenye damu yake. Njia hii imetumika tangu miaka ya 1890. Lakini hutolewa kwa dripu, na inaweza kuleta mzio mkali wa kuua, kwa hiyo si ya kubeba begini. Na si kila kituo cha afya kinayo. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, na linakadiria kuwa watu 81,000 hadi 138,000 hufa kila mwaka duniani.

Kwa hiyo maandalizi makubwa yanafanyika kabla hujafunga begi: piga simu hospitali za karibu na unakokwenda, uliza ipi ina dawa ya sumu ya nyoka leo, si mwaka jana. Tafuta dereva atakayepatikana hata usiku. Ukiwa njiani, vaa buti, beba tochi, na usitie mkono pale ambapo macho hayajafika.

Orodha yetu tuliirekebisha. Wembe, kamba na jiwe vilitoka. Viliingia kanga mbili, namba ya dereva na jina la hospitali tuliyoipigia wenyewe.