Kufufua Bunduki Kuukuu ya Vita kwa Gharama Nafuu

Bunduki za kijeshi zilifika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania kwa mikondo miwili. Wajerumani walikuja na Mauser. Waingereza, walioutwaa mji wa Iringa Agosti 1916, walileta Lee-Enfield ya risasi za .303. Baada ya vita vikuu vya dunia, silaha za aina hizo ziliuzwa kwa bei ndogo sehemu nyingi za dunia na kugeuzwa za kuwindia: mbao za mbele zilikatwa, mtutu ukafupishwa, na mahali pa kufungia singe pakaondolewa.

Kazi ya kufufua bunduki ya aina hiyo huanzia polisi. Sheria ya udhibiti wa silaha ya mwaka 2015 inamtaka mmiliki awe na leseni, na matengenezo hufanywa na fundi mwenye kibali.

Pili ni utambuzi. Mauser ya 1871, ambayo askari wengi wa Wajerumani huku Afrika Mashariki walianza nayo vita mwaka 1914, ina mtutu wa milimita 11 na hutumia baruti ya moshi. Ya 1898 ni ya milimita 7.92 na baruti isiyo na moshi. Kwa kuwa mtutu wa bunduki iliyogeuzwa huenda ulibadilishwa, mhuri pekee hautoshi; fundi lazima apime chemba na bolti. Hapa ndipo fedha ya kwanza inapopaswa kutumika. Katika Lee-Enfield ya toleo la namba 4, vichwa vya bolti vilitengenezwa kwa ukubwa wa namba 0 hadi 3, hivyo nafasi iliyozidi kati ya bolti na risasi mara nyingine huondolewa kwa kubadilisha kichwa tu.

Risasi za zamani huacha chumvi inayovuta unyevu, na ukungu wa Mafinga, mkoani Iringa, huongeza tatizo. Mtutu huoshwa kwa maji ya moto, hukaushwa kabisa, kisha hupakwa mafuta mepesi. Kutu ya juujuu huondolewa kwa stiliwaya laini yenye mafuta. Msasa na grainda havifai, kwa kuwa hufuta mihuri na namba ya silaha.

Mafinga ni mji wa mbao, lakini msindano ni laini mno kwa kitako: hubonyea kwa mshindo. Mninga, usiosinyaa sana, ni bora kwa viraka. Ufa hugandishwa kwa gundi ya epoksi, na mbao humaliziwa kwa mafuta ya kitani, tabaka jembamba baada ya jingine.

Kurudisha umbo la kijeshi huhitaji vipuri adimu na mtutu mpya. Mwenye bajeti ndogo huiacha ibaki ya kuwindia, ikiwa salama na bila kutu.