Faini ya Mwendo wa Kasi na Bima ya Gari Lako

Barabara itokayo Dodoma kwenda Morogoro kupitia Chamwino, Mbande na Kibaigwa ina sifa moja inayompendeza dereva na kumponza papo hapo: imenyooka. Hali ni hiyo hiyo kwa ile iendayo Singida kupitia Bahi na Manyoni. Nchi ni tambarare, mibuyu huonekana kwa mbali, na mguu wa dereva hukandamiza mafuta pasipo yeye mwenyewe kutambua. Ghafla hutokea kibao cha kilomita 50 kwa saa, nyumba za kijiji, kundi la ng'ombe likivuka, na mbele kidogo askari wa usalama barabarani akiwa na tochi yake mkononi.

Dereva aliyepigwa tochi hujiuliza maswali mawili: nitalipa kiasi gani, na je, bima yangu itapanda? Makala haya yanakusudia kuyajibu yote mawili, kisha kuuliza la tatu ambalo wengi hulisahau.

Sheria yasemaje

Mwaka 1973 ndio uliotolewa uamuzi wa kuhamishia Makao Makuu ya nchi Dodoma. Mwaka huo huo ilitungwa Sheria ya Usalama Barabarani, Namba 30, ambayo hadi leo ndiyo Sura ya 168 ya sheria zetu. Kwa sheria hiyo, mwendo katika maeneo ya makazi haupaswi kuzidi kilomita 50 kwa saa. Mabasi na malori yenye uzito unaozidi tani tatu na nusu hayaruhusiwi kupita kilomita 80 kwa saa, hata pale ambapo hapana nyumba wala mtu.

Anayekiuka huandikiwa taarifa ya kosa, na faini iliyozoeleka katika miaka ya karibuni ni shilingi 30,000 kwa kosa moja. Hulipwa kwa namba ya malipo ya Serikali, benki au kwa simu. Asiyekubali kosa anayo haki ya kupeleka shauri lake mahakamani. Jambo la kuangalia ni kwamba deni huandikwa katika kumbukumbu za Polisi dhidi ya gari au leseni, na lisipolipwa kwa wakati huongezeka. Kwa hiyo anayenunua gari lililokwisha tumika hana budi kuulizia madeni ya namba ya gari hilo kabla ya kutoa fedha zake, asije akarithi makosa ya mtu mwingine.

Je, bima hupanda?

Katika nchi ya Uingereza, dereva aliyezidisha mwendo hutozwa faini isiyopungua pauni 100 na kuandikiwa alama tatu katika leseni yake. Alama hizo hubaki katika leseni kwa miaka minne, na kampuni za bima huziulizia kabla ya kupanga malipo. Kule faini moja yaweza kumgharimu mtu kwa miaka kadhaa.

Kwetu hesabu ni nyingine. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, humlazimisha kila mwenye gari kuwa na bima ya kumkinga mtu wa tatu, yaani yule atakayeuawa au kujeruhiwa na gari hilo. Hii ndiyo watu waiitayo bima ndogo. Bei yake hufuata aina ya gari na matumizi yake, si tabia ya dereva. Kwa gari dogo la binafsi imekuwa shilingi 100,000, na ukiongeza kodi ya asilimia 18 ni shilingi 118,000. Aliyepigwa tochi mara tano na asiyepigwa hata mara moja hulipa sawasawa.

Bima kubwa, ambayo hulinda na gari lenyewe, hupangwa kwa thamani ya gari. Kiwango cha chini kwa gari la binafsi kimekuwa asilimia 3.5. Gari la shilingi milioni 20 hulipiwa basi shilingi 700,000, na pamoja na kodi ni 826,000. Hapo kampuni hutazama historia ya madai: asiyedai kwa mwaka mzima huweza kupewa punguzo, na aliyedai hulipoteza.

Jibu la swali la pili, kwa hiyo, ni kwamba stakabadhi ya faini peke yake haipandishi bima yako. Lakini dereva asifurahi upesi.

Swali la tatu

Swali la tatu ni hili: itakuwaje iwapo mwendo ule ule uliokupatia faini siku moja utakupatia ajali siku nyingine? Tufanye hesabu. Katika lami kavu, kwa breki nzima na dereva aliye macho, gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa huhitaji takriban mita 28 kusimama. Likienda kilomita 80 huhitaji mita 57. Mtoto avukaye barabara mita 40 mbele yako hupona katika hali ya kwanza, na hugongwa katika ya pili. Shirika la Afya Duniani hueleza kwamba wastani wa mwendo ukipanda kwa asilimia moja, hatari ya ajali ya kuua hupanda kwa asilimia nne. Na faida yenyewe ni nini? Katika safari ya kilomita 40, anayekwenda 100 kwa saa humtangulia anayekwenda 80 kwa dakika sita tu.

Ajali ikitokea, shauri hutoka mikononi mwa askari wa barabarani na kuingia mahakamani. Chini ya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, mtu akishatiwa hatiani na muda wa rufaa ukapita, hukumu hiyo ni ushahidi kamili wa kosa lake. Wafiwa wakifungua madai ya fidia, dereva hawezi tena kusimama na kusema hakuendesha kwa hatari. Na ikiwa dereva ni mwajiriwa wako aliyekuwa kazini, madai huja mlangoni pako wewe mwenye gari.

Hapo ndipo bima huonyesha thamani yake. Mahakama ikiamua, kampuni ya bima ndiyo hupaswa kumlipa aliyeumia, kwa masharti yaliyowekwa na sheria. Lakini kama mwenye gari alivunja mkataba, mathalani kwa kumkabidhi gari mtu asiye na leseni au aliyelewa, kampuni huweza kumgeukia kudai fedha zake. Na kama bima ilikwisha muda wake juzi, hapana wa kulipa ila yeye mwenyewe: shamba la zabibu, ng'ombe na nyumba ya watoto huingia katika hesabu.

Mambo ya kufanya nyumbani

Mambo haya si ya baba peke yake. Mama naye ajue hati ya bima imewekwa wapi na inaisha lini. Namba ya gari ihakikiwe katika kumbukumbu za Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, kwani stika ya bandia haimlipi mtu. Faini zilipwe mapema na stakabadhi zitunzwe. Ajali ikitokea, majeruhi wahudumiwe kwanza, Polisi waarifiwe, kisha kampuni ya bima ijulishwe bila kukawia; wala dereva asiahidi fidia kwa mdomo kabla ya kuonana nao, maana mikataba mingi hukataza. Kampuni ikikataa dai lililo halali, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, aliyewekwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Ndugu msomaji, shilingi 30,000 hulipwa, zikasahaulika. Mtoto wa Kibaigwa aliyekwenda dukani kununua chumvi hana stakabadhi ya kumrudisha kwao. Utakapokiona kibao cha 50, umkumbuke huyo kabla ya kuikumbuka tochi.