Majirani Waliosafiri Maili 250 Ili Wakutane Kiwanjani

Katika jimbo la Durham, kaskazini ya Uingereza, iko miji miwili midogo iitwayo Bishop Auckland na Crook. Kutoka mji mmoja hata wa pili ni mwendo wa maili tano tu, na mtu mwenye baiskeli aweza kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Lakini mwezi wa Aprili mwaka 1954 maelfu ya wenyeji wa miji hiyo walipanda magari ya moshi na mabasi, wakasafiri maili 250 hivi mpaka London, ili watazame timu zao wenyewe zikishindana. Safari hiyo haikupungua sana safari ya kutoka Nairobi mpaka Mombasa.

Huenda msomaji akauliza, kwa nini majirani wasichezee nyumbani? Jawabu ni kwamba timu hizo zilikuwa zimefika mchezo wa mwisho wa kugombea Kikombe cha wachezaji wasiolipwa mshahara. Mashindano hayo yalianza katika majira ya 1893 na 1894, na tangu mwaka 1949 mchezo wa mwisho ulikuwa ukichezwa katika kiwanja kikubwa cha Wembley. Basi kila aliyefika fainali alikwenda huko, hata kama mshindani wake alikaa ng'ambo ya kilima.

Wakati ule Durham ilikuwa nchi ya makaa ya mawe. Wanaume wengi walikuwa chini ya ardhi juma zima wakichimba, na Jumamosi alasiri ilikuwa saa yao ya kuona jua na mpira. Wachezaji nao walikuwa watu wa kazi, waliovaa viatu vya mpira baada ya kuweka chini vyombo vya kazi zao. Kwa hiyo aliyefungwa hakuwa na pa kujificha. Siku ya Jumatatu angekutana na mshindi wake kazini au sokoni, na pengine mshindi huyo ni shemeji yake.

Siku ya mchezo walihudhuria watazamaji 100,000. Mchezaji mmoja wa Bishop Auckland alivunjika mguu, na kwa kuwa sheria za siku zile hazikuruhusu kuingiza mchezaji wa akiba, wenzake waliendelea wakiwa watu kumi. Hata hivyo hawakushindwa. Muda uliongezwa, na mwishowe kila timu ilikuwa na magoli mawili. Watu wakarudi kaskazini bila kikombe.

Mchezo ukarudiwa Newcastle, mbele ya watu zaidi ya 56,000, nao ukaisha tena magoli mawili kwa mawili. Ikabidi timu zikutane mara ya tatu, huko Middlesbrough, na hapo Crook wakapata goli moja lililotosha. Ukijumlisha watazamaji wa michezo yote mitatu, hesabu yao inakaribia 200,000, na wote walitoa fedha zao kuwatazama watu ambao wenyewe hawakuruhusiwa kupokea ujira.

Kwa watu wa Bishop Auckland uchungu huo haukuwa wa kwanza. Mwaka 1950 walikuwa wamekwenda Wembley wakafungwa magoli manne kwa sifuri na Willington, jirani yao mwingine, na mwaka 1951 wakafungwa tena, safari hiyo na Pegasus. Lakini mvumilivu hula mbivu. Walikichukua kikombe mwaka 1955, na 1956, na 1957, mara tatu mfululizo. Kwa jumla walikitwaa mara kumi, na hakuna klabu nyingine iliyofikia hesabu hiyo. Na mwezi wa Februari 1958, ndege iliyochukua timu ya Manchester United ilipoanguka Munich, Bishop Auckland waliwatoa wachezaji wao watatu, Bob Hardisty, Derek Lewin na Warren Bradley, wakaisaidie klabu hiyo kubwa katika msiba wake.

Heshima ya Kikombe hicho ilisimama juu ya neno moja, yaani kwamba mchezaji halipwi. Lakini vilabu vingine vilianza kuwapa wachezaji fedha kwa siri, na Waingereza walisema kwamba fedha hizo hutiwa ndani ya viatu. Chama cha Mpira cha Uingereza kiliona kwamba jina halilingani tena na jambo lenyewe, kikafuta tofauti kati ya wanaolipwa na wasiolipwa. Mchezo wa mwisho kabisa wa Kikombe hicho ulichezwa mwaka 1974, ambapo Bishop's Stortford waliwafunga Ilford magoli manne kwa moja.

Kikombe kilikwisha, lakini safari haikukoma. Vilabu vidogo vilianzishiwa kikombe kingine, kiitwacho Vase, na Whitley Bay, klabu ya pwani karibu na Newcastle, walikitwaa Wembley miaka mitatu mfululizo, 2009, 2010 na 2011. Kila mara watu wa kaskazini walifunga safari ile ile ndefu ya kusini. Wachezaji mashuhuri wangeweza kuonekana mahali pengine, lakini mtoto wa jirani akiingia Wembley, ni lazima awepo mtu wa kwao wa kumwita kwa jina.