Picha za nyota: Stendi kwanza, darubini baadaye

Mtu anayetaka kununua darubini yake ya kwanza ili apige picha za nyota kwa kawaida huuliza ina ukubwa gani na inakuza mara ngapi. Waliozoea kazi hiyo hutanguliza swali jingine: darubini hiyo itasimama juu ya nini?

Sababu ni mzunguko wa dunia. Kwa kuwa dunia hujizungusha, nyota huonekana zikisogea nyuzi 15 kila saa. Katika dakika mbili husogea umbali unaolingana na upana wa mwezi mpevu.

Jicho halitambui mwendo huo upesi, lakini kamera huunasa. Galaksi na mawingu ya gesi yaliyo mbali hutoa mwanga hafifu mno, hivyo kamera hulazimika kuachwa wazi kwa sekunde nyingi, pengine dakika kadhaa. Stendi isipoifuata nyota, nukta hugeuka kuwa mstari.

Wapiga picha hutumia hesabu nyepesi. Hugawanya 500 kwa umbali wa fokasi, yaani umbali kwa milimita kutoka kwenye lenzi hadi mahali miale inapokutana. Lenzi ya milimita 50 huruhusu takriban sekunde 10. Darubini ya milimita 500 huruhusu sekunde moja tu, na kwa kamera nyingi ndogo muda huo hupungua zaidi.

Mwezi na sayari

Kwa hiyo mnunuzi hana budi kuamua kwanza anataka kupiga picha ya nini.

Mwezi, Mshtarii na Zohali vinang'aa kiasi kwamba sehemu ndogo ya sekunde inatosha. Darubini yenye fokasi ndefu juu ya stendi imara ya kawaida inafaa, na kwa mwezi hata simu ya mkononi iliyoshikizwa penye lenzi ya kuchungulia hutoa picha nzuri. Jua peke yake ni hatari: darubini isielekezwe huko bila kichujio maalumu kilichofungwa mbele yake, la sivyo jicho na kamera vitaungua.

Stendi inayofuata nyota

Vitu hafifu vinahitaji stendi ya ikweta. Stendi hii ina mota inayozungusha darubini kwa kasi ya anga, kwenye mhimili uliolazwa sambamba na mhimili wa dunia. Stendi ya aina nyingine, inayokwenda juu na chini, kushoto na kulia, nayo inaweza kufuata nyota, lakini picha hujizungusha polepole ndani ya kamera.

Uzito nao una hesabu yake. Watengenezaji hutaja mzigo ambao stendi inaweza kubeba, lakini wapiga picha wengi hawapendi kuvuka nusu ya kiwango hicho. Stendi iliyoandikwa kilo 10 hubebeshwa kilo tano, kamera ikiwemo. Ikizidi hapo, hata upepo mdogo huharibu picha.

Ndiyo maana wanaoanza hushauriwa kuchukua darubini ndogo ya lenzi, yenye kipenyo cha milimita 60 hadi 80 na fokasi isiyozidi milimita 500. Ni nyepesi, huonyesha eneo pana la anga, na huficha makosa madogo ya stendi. Lenzi za bei ya chini huzungushia nyota angavu rangi ya zambarau. Zile zinazoitwa apokromati hupunguza kasoro hiyo, lakini ni ghali zaidi.

Darubini ya kioo hutoa kipenyo kikubwa kwa fedha kidogo. Hata hivyo, baadhi yake haziruhusu kamera kufika mahali picha inapokuwa kali, na ni vyema muuzaji aulizwe kabla ya kulipa.

Tatizo la ikweta

Jambo moja linawahusu hasa walioko ughaibuni wanaotaka kuwapelekea ndugu zao vifaa nyumbani. Mhimili wa stendi huinuliwa kulingana na latitudo ya mahali. London huinuliwa nyuzi 51, Muscat karibu 24, Mombasa nne, Nairobi zaidi kidogo ya moja.

Afrika Mashariki, basi, mhimili hulala karibu sawa na ardhi, na si stendi zote zilizoundwa kulala hivyo. Katika baadhi yake, fimbo ya uzito wa kusawazisha hugonga mguu wa stendi. Kama mwongozo unataja nyuzi 15 kuwa kiwango cha chini, stendi hiyo itapiga kazi vizuri Uingereza na kukwama Nairobi.

Kuilenga nako ni kugumu. Kaskazini mwa dunia hutumiwa Nyota ya Kaskazini, ambayo kutoka Dar es Salaam haionekani. Upande wa kusini hakuna nyota angavu ya namna hiyo, na ncha ya anga yenyewe iko karibu na upeo wa macho, nyuma ya miti na majengo. Njia iliyopo ni kuanza kwa dira na pimamaji, kisha kutumia programu ya kompyuta inayolinganisha picha za nyota na ramani ya anga na kuonyesha kosa. Baadhi ya programu hizo ni za bure, na hazihitaji kuiona ncha.

Pa kuanzia

Mwaka 2023 iliingia sokoni Seestar S50, darubini ndogo yenye kamera na mota ndani yake, kwa takriban dola 500 za Marekani. Hujitafutia nyota yenyewe na kuunganisha picha nyingi fupi. Lakini ikitumiwa kwa mtindo wa juu na chini, hupata shida kwa vitu vilivyo utosini, na Nairobi kundi la Orioni hupita karibu na utosi. Tena lenzi na kamera yake havibadilishwi.

Mwenye kamera tayari anaweza kuanza bila gharama kubwa: lenzi ya milimita 50, stendi ya miguu mitatu, picha mia moja za sekunde chache kila moja, na programu ya bure ya kuziunganisha. Kilimia na Orioni huonekana vyema kwa njia hiyo. Fedha zikipatikana, cha kwanza kununuliwa ni stendi inayofuata nyota, baada ya kusoma mwongozo wake kuhusu latitudo.