Drili ya Nyumbani: Tulinde Macho na Vidole

Katika familia zetu nyingi yuko mtu mwenye mkono wa ufundi. Huyu hutundika rafu jikoni, hukaza mguu wa kigoda, hubadilisha bawaba za mlango na kutoboa ukuta ili kamba ya nguo ipate pa kushika. Ni jambo jema, maana fedha inabaki nyumbani na watoto wanajifunza kazi. Siku hizi wengi hutumia drili ya umeme au ya betri mahali pa keekee ya mkono ya wazee wetu. Mwezi huu tunapenda kuzungumza juu ya mtu huyo: macho yake, vidole vyake na mapafu yake.

Kwenye karakana kubwa yuko msimamizi anayemkataza mtu kugusa mashine bila kinga. Uani kwetu hayupo. Tena kazi zetu ni za "dakika moja tu", na hapo ndipo watu wanapoumia, kwa kuwa hakuna anayeona haja ya kutafuta miwani kwa ajili ya tundu moja. Lakini drili haijui kama tundu ni moja au ni mia.

Kubadilisha mdomo wa drili

Mdomo wa drili ni kile kichwa cha chuma kinachobana biti kwa taya zake tatu. Ule unaokazwa kwa ufunguo wenye meno ulibuniwa na Mmarekani Arthur Jacobs, aliyepata hataza yake mwaka 1902. Inasimuliwa kwamba aliufikiria baada ya kujiumiza vifundo vya vidole kwenye mdomo wa mtindo wa zamani. Basi hata kifaa hiki kilizaliwa na jeraha.

Mdomo ukichakaa, biti huyumba au huteleza. Biti inayoyumba huvunjika, na kipande chake huruka. Ni heri kuweka mdomo mpya kuliko kuendelea kuukaza ule mbovu. Fuateni hatua hizi:

1. Chomoa waya kwenye umeme, au toa betri. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

2. Vaa miwani ya kukinga macho, kwa sababu mtapiga nyundo chuma juu ya chuma.

3. Fungua taya mpaka mwisho, uchungulie ndani. Drili inayozunguka pande zote mbili kwa kawaida ina skrubu humo, nayo hufunguka kinyume: huizungushi kushoto kama nyingine, bali kulia, upande inakokwenda mishale ya saa. Wanaoilazimisha kushoto huikaza zaidi, bisibisi huteleza, na kiganja huchomwa.

4. Bana spana nene yenye umbo la herufi L kwenye taya. Drili ikiwa imetulia mezani, igonge spana hiyo kwa nyundo mara moja, kwa kishindo, ili mdomo uzunguke kinyume cha saa. Ukishalegea, umalizie kwa mkono.

5. Safisha msumari wenye nyuzi, ufunge mdomo mpya kwa mkono mpaka ukae barabara, kisha rudisha skrubu kwa kuizungusha kushoto.

6. Toa spana na ufunguo. Ndipo uwashe mashine ikiwa tupu, uelekeze mbali na watu, uangalie kama inazunguka bila kuyumba.

Ufunguo uliosahauliwa mdomoni hurushwa kwa nguvu mara drili inapowashwa. Dawa yake ni rahisi: ufungeni kwenye waya, karibu na plagi. Hivyo hautafika mdomoni kabla ya plagi kuchomolewa.

Wakati wa kutoboa

Msishike kwa mkono kitu kinachotobolewa. Biti inapokaribia kutokea upande wa pili hunasa, na bati au ubao huzunguka nao kama panga. Kibaneni kwenye jiliwa au kwenye meza. Vueni glovu, maana drili hunasa kitambaa na kuvuta kidole pamoja nacho. Mikono mirefu ya shati ikunjwe, ncha za kanga na nywele ndefu zifungwe, na rozari ya shingoni iwekwe mfukoni. Watoto wanaopenda kutazama wakae mbali. Vipande vinavyoruka haviangalii umri.

Vumbi na kelele

Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani lilitangaza kwamba vumbi la mbao linaweza kuleta saratani ya pua. Hatari kubwa ni kwa wanaolivuta kila siku kwa miaka mingi, lakini hata kidogo huweza kuamsha pumu. Fanyeni kazi penye hewa, vaeni barakoa, na mlowanishe sakafu kabla ya kufagia.

Kuhusu masikio, kelele ya desibeli 85 kwa saa 8 inatosha kuyadhuru, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda ulio salama hupungua nusu. Mkilazimika kupaza sauti ili mtu aliye hatua moja awasikie, zibeni masikio.

Ajali ikitokea

Vumbi likiingia jichoni, oshe kwa maji mengi safi. Lakini kama kipande cha chuma kimechoma jicho, msioshe, msisugue, wala msijaribu kukitoa. Lifunikeni kwa kikombe safi bila kuligandamiza, mwende hospitali siku hiyo hiyo. Msidanganyike kwa kuwa mtu bado anaona. Chuma kilichobaki ndani ya jicho hupata kutu na kuua nuru yake polepole. Dawa za majani au maziwa ya mama yasitiwe kabisa.

Jeraha linalotoka damu ligandamizwe kwa kitambaa safi na mkono uinuliwe. Kidole kikikatika, kifungeni katika kitambaa safi chenye unyevu, ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko huo ndio uwekwe juu ya barafu. Kidole chenyewe kisiguse barafu. Kila aliyechomwa au kukatwa aulize kituo cha afya kuhusu sindano ya pepopunda, kwani ugonjwa huo kwa kawaida hujitokeza siku 3 hadi 21 baadaye, jeraha likiwa limekwisha kusahauliwa.

Ndugu wasomaji, miwani ya kukinga macho ni ya bei ndogo. Jicho halina duka. Itundikeni pamoja na drili kwenye msumari mmoja, ili anayechukua hii achukue na ile. Kinga ni bora kuliko tiba.